Arusha: Maveterani wa soka wana bonanza, waogeleaji je?

Pita kwenye viwanja vya Arusha Jumapili asubuhi. Utawakuta maveterani wa soka na vitambi vyao, wanagombania mpira utadhani kuna pointi za ligi. Hakuna anayewashangaa.

Sasa mtafute mkazi wa Engutoto au Njiro mwenye miaka 40 ambaye aliogelea mashindano akiwa shule, na leo anataka kurudi. Huyo ana kazi.

Tatizo lake siyo umri. Shirikisho la kimataifa, World Aquatics, lina mashindano ya dunia ya maveterani ambayo yalianza Tokyo mwaka 1986. Unaruhusiwa ukifikisha miaka 25, na makundi yanapanda kwa miaka mitano mitano hadi kuvuka 100. Mjapani Mieko Nagaoka alianza kuogelea akiwa na miaka 80 ili kutibu goti. Mwaka 2015, akiwa na miaka 100, alimaliza mita 1,500 mtindo huru, na ilimchukua saa moja na robo hivi.

Kanuni zenyewe zinamjali mtu mzima. Kama mgongo hauruhusu kupiga mbizi kutoka juu, unaanzia ndani ya maji. Kwenye mtindo wa kipepeo unaruhusiwa kupiga teke la chura. Kwenye relei ndipo mzee anakuwa mali: wanajumlishwa umri wa waogeleaji wanne. Wenye miaka 35, 40, 58 na 67 wanafika 200, kwa hiyo wanashindana kwenye kundi la 200 hadi 239. Ukimtoa huyo wa 67 ukaweka kijana wa 30, mnashuka kundi na kukutana na wenye kasi zaidi.

Kwetu kinachokwamisha ni ufunguo wa geti. Mkimbiaji wa Arusha anavaa raba na barabara ni yake. Bwawa lina mwenyewe: ama shule binafsi, ama hoteli. Ukimaliza shule, bwawa unaliacha palepale. La hoteli unalipia kila ukiingia, na mara nyingi ni fupi, limepindapinda, lina watoto wenye maboya. Mazoezi ya kasi hapo ni ndoto.

Kalenda nayo imejengwa kwa watoto na vijana. Inaeleweka, taifa linatafuta wa Olimpiki. Kati ya wanamichezo saba wa Tanzania Paris 2024, wawili walikuwa waogeleaji, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Lakini kila kizazi kikiondoka majini, kinaondoka na ujuzi wa miaka kumi. Halafu tunalalamika makocha na waamuzi hawatoshi!

Dawa yake siyo lazima bwawa jipya la mabilioni. Chama cha Kuogelea Tanzania kikiongeza mita 50 na relei za miaka 25 na kuendelea mwishoni mwa mashindano ya kawaida, saa zipo, waamuzi wapo, na maji yapo. Wazazi wenyewe wamekaa pembeni siku nzima wakishangilia. Shule zenye mabwawa zinaweza kufungua saa moja jioni mara mbili kwa wiki kwa ada, mradi mwokoaji awepo. Hilo la mwokoaji halina mjadala.

Kwa anayetaka kurudi: pima presha kwanza. Mapafu hurudi mapema kuliko mabega, na bega ndilo huumiza wengi kwa sababu kichwa bado kinakumbuka kasi ya zamani. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwa hiyo pumzi itakata haraka kuliko ukiwa Dar. Na kama bwawa halipashwi moto, usianze Julai. Subiri Oktoba.