Vipimo vya ini havitafaa vikibakia maabara

MKAZI wa Kibera au Kawangware anayeugua maradhi sugu ya ini mara nyingi huijua hali yake wakati tumbo limevimba kwa maji, macho yamekuwa ya manjano au ameanza kutapika damu. Kufikia hapo, ugonjwa huwa umekaa mwilini kwa miaka mingi na daktari hubaki na njia chache za kumsaidia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika maradhi haya, hata hivyo, anayeficha si mgonjwa bali ini lenyewe. Kiungo hiki huendelea kufanya kazi hata sehemu yake kubwa ikiwa imegeuka makovu. Anayeamka alfajiri kutembea kwa miguu hadi Eneo la Viwandani kutafuta kibarua hana sababu ya kupoteza ujira wa siku nzima akapange foleni hospitalini ilhali hasikii maumivu.

Ndiyo maana juhudi za wanasayansi kutafuta viashiria vya ugonjwa wa ini katika damu na mkojo zina uzito wa pekee kwa mitaa ya mabanda. Kwa miaka mingi, njia iliyotegemewa kuthibitisha makovu ya ini ilikuwa kudunga sindano ubavuni na kutoa kipande kidogo cha kiungo hicho. Njia hiyo huhitaji mtaalamu na inaweza kusababisha kuvuja damu. Mashine ya kupima ugumu wa ini kwa mawimbi haina maumivu, lakini bei yake ni ya hospitali kubwa, si ya zahanati ya Gatwekera au Gatina.

Swali ni iwapo viashiria hivyo vitapimwa pale mgonjwa alipo, na iwapo vimepimwa kwanza kwa watu wanaofanana naye.

Mfano mzuri ni hesabu iitwayo APRI. Hesabu hii huchukua vipimo viwili vya damu vya kawaida: kiwango cha kimeng'enya cha AST, ambacho huongezeka seli za ini zinapoumia, na idadi ya chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ambazo hupungua makovu yanapozidi. Kiwango cha AST hugawanywa kwa kikomo cha kawaida, jibu likagawanywa kwa idadi ya chembe sahani kwa maelfu, kisha likazidishwa kwa 100. Kazi hiyo muuguzi aweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu.

Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B ahesabiwe kuwa ini lake limesinyaa iwapo APRI yake inazidi 2. Kiwango hicho kilitokana kwa kiasi kikubwa na tafiti zilizofanywa nje ya Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 3,000 kutoka nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara, ulionyesha kwamba kiwango hicho kilimtambua takriban mgonjwa mmoja tu kati ya sita ambao ini lao lilikuwa limesinyaa. Watano waliosalia wangeambiwa warudi nyumbani.

Machi 2024, WHO ilitoa mwongozo mpya. Sasa APRI inayozidi 0.5 yatosha kuonyesha makovu yanayostahili tiba, na inayozidi 1 huashiria ini lililosinyaa. Chukua mtu ambaye AST yake ni 80 huku kikomo cha kawaida kikiwa 40, na chembe sahani zake ni 150,000 katika kila mikrolita ya damu. APRI yake ni 1.33. Kwa kipimo cha mwaka wa 2015 hangehesabiwa kuwa na ini lililosinyaa. Kwa kipimo cha 2024 anahitaji matibabu. Damu ni ile ile, ila mpaka umesogezwa.

Hata hivyo, nambari hizo hazijitafsiri zenyewe. Mtu anayekunywa chang'aa kila siku aweza kuwa na AST ya juu bila kuwa na virusi vyovyote. Aliyerudi kutoka likizo katika maeneo ya Ziwa Victoria akiwa na malaria, chembe sahani zake zaweza kushuka kwa muda. Virusi vya Ukimwi pia huzipunguza. Nako kichocho cha tumbo, kinachopatikana katika maji ya ziwa hilo, huacha makovu kandokando ya mishipa ya ini na kuvimbisha wengu. Kibera na Kawangware ni mitaa ya watu waliotoka pembe zote za nchi, na kila mmoja huja na historia yake ya maradhi.

Hapa ndipo mkojo unapoweza kusaidia. Tone la mkojo kwenye kitepe cha kupimia huonyesha dalili za minyoo ya kichocho cha tumbo kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kipimo kingine cha mkojo hutambua mabaki ya pombe kwa siku kadhaa baada ya kuinywa, na kipo cha damu kinachoweza kurudi nyuma kwa majuma mawili au zaidi.

Sumu ya aflatoksini, itokayo kwa kuvu ya mahindi na njugu, nayo huacha alama. Katika mkojo alama hiyo huonyesha chakula cha siku moja au mbili zilizopita. Katika damu, iliyoshikamana na protini ya albumini, huonyesha kilicholiwa kwa miezi miwili au mitatu. Kenya inaijua sumu hii. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui, na vipimo vya damu vilisaidia kuthibitisha chanzo. Lakini ulaji wa kiasi kidogo kila siku hauui kwa ghafla. Huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B, na mnunuzi wa gorogoro la mahindi sokoni hana namna ya kuiona sumu hiyo kwa macho.

Vivyo hivyo na pombe. Taifa lilishtuka Novemba 2000 pale pombe iliyochanganywa na methanoli ilipoua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine, wengi wao wakazi wa mitaa ya Mukuru. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, lakini vifo vya aina hiyo vilitokea tena mwaka wa 2014. Maafa kama hayo hupata vichwa vya habari kwa kuwa huua kwa saa chache. Ini linaloharibiwa na pombe ya kawaida kwa miaka kumi na mitano halina kichwa cha habari.

Utafiti wa hali ya juu haujakosekana barani. Watafiti wa Imperial College London pamoja na wenzao wa Nigeria na Gambia walichapisha mwaka wa 2014 matokeo yaliyoonyesha kwamba mchanganyiko wa kemikali kadhaa katika mkojo uliwatambua wagonjwa wa saratani ya ini vizuri zaidi kuliko kipimo cha damu cha AFP kilichozoeleka. Kikwazo ni kwamba kemikali hizo zilisomwa kwa mashine kubwa ya sumaku ambayo haiwezi kuwekwa katika kituo cha afya cha mtaani. Hadi pale zitakaposomwa kwa kitepe cha bei nafuu, ugunduzi huo utabaki kuwa wa maabara.

Kenya yenyewe imewahi kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), kwa ushirikiano na Wajapani, ilitengeneza kipimo chake cha homa ya ini B kilichoitwa Hepcell. Makao makuu ya KEMRI yapo karibu na Barabara ya Mbagathi, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta nazo hazipo mbali. Kinachomtenga mkazi na huduma si kilomita, bali ni ada, foleni na siku ya kibarua iliyopotea.

Lipo pia suala la imani. Kipimo kinachofichua unywaji wa pombe kitakimbiwa iwapo mama pima au mteja wake atashuku kwamba majibu yatamfikia chifu au polisi. Bila siri, watakaojitokeza kupimwa ni wale ambao hawana haja ya kupimwa.

Muhimu zaidi, kipimo bila tiba ni hukumu tu. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka wa 2001, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kwa walioambukizwa, dawa ya tenofovir hudhibiti virusi na kupunguza makovu. Dawa hiyo hiyo hutolewa bila malipo kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na tayari imo katika vituo vinavyowahudumia mitaani. Kuifikisha kwa mwenye homa ya ini pekee ni suala la sera na bajeti, si la sayansi.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na Wizara ya Afya hazina haja ya kungoja kiashiria kamili. Kipimo cha haraka cha homa ya ini B, AST na hesabu ya chembe sahani vyaweza kuagizwa kwa fomu moja, kwa sampuli za siku moja, katika kituo kile kile ambako mama hupeleka mtoto kuchanjwa. Watafiti nao wapime viashiria vyao vipya kwa wakazi wa mitaa hii, ili mpaka kati ya mzima na mgonjwa usiwekwe tena na takwimu za watu wa mbali. Ini halitabadili tabia yake ya kunyamaza. Kinachoweza kubadilishwa ni umbali kati ya mgonjwa na kipimo.