Pepe si Punje: Maoni kuhusu Istilahi za Mtandao wa Simu Usiotegemea Mitambo Maalumu

1.0 Utangulizi

Katika istilahi za teknolojia ya mawasiliano, kivumishi pepe kimebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Kilianza na barua pepe, kikaingia katika mashine pepe, mtandao pepe na uhalisia pepe, na sasa kinaelekea kutumiwa kutaja mageuzi makubwa ya kiufundi yaliyoanza kuukumba mtandao wa simu mwaka 2012. Katika maoni haya tunakusudia kuonyesha kwamba kwa mageuzi hayo neno pepe halifai, kwa sababu linataja kile kilichoondolewa na kukiacha kile kilichobaki. Mifano ya matumizi tumeichukua hasa Tarakea, mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Rombo, mkabala na Loitokitok nchini Kenya. Huko wazungumzaji wa Kirombo, Kimaasai na Kikamba hukutana sokoni kwa Kiswahili, na mtandao wa simu ni jambo la mazungumzo ya kila siku.

2.0 Mageuzi yenyewe

Kwa miaka mingi kila kazi ya mtandao wa simu ilikuwa na mtambo wake. Kulikuwa na mtambo wa kuelekeza simu, mtambo wa kutunza rejista ya wateja, mtambo wa kukokotoa malipo, na mtambo wa kuchuja mawasiliano yasiyotakiwa. Kampuni iliyotaka kuongeza kazi moja ilinunua sanduku jingine kwa mtengenezaji, ikalisafirisha, ikalifunga na kumfundisha fundi wake namna ya kulihudumia.

Mwezi Oktoba 2012 makampuni 13 ya simu, yakiwamo AT&T ya Marekani, BT ya Uingereza na Deutsche Telekom ya Ujerumani, yalitoa waraka wa pamoja mjini Darmstadt yakipendekeza utaratibu mwingine. Kazi hizo ziandikwe kuwa programu, na programu hizo ziendeshwe katika seva za kawaida ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya kazi moja tu. Muda mfupi baadaye Taasisi ya Viwango vya Mawasiliano ya Ulaya, yaani ETSI, iliunda kundi la kushughulikia suala hilo. Katika utaratibu huu seva moja huweza kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja. Wateja wakiongezeka, programu huzalishiwa nakala nyingine. Wakipungua, nakala huzimwa. Kazi huweza pia kuhamishwa kutoka kituo kimoja cha data hadi kingine bila ya mtambo wowote kubebwa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mtandao umekuwa kitu kisichoshikika. Mwezi Agosti 2022 huduma ya intaneti ya kasi ilipozinduliwa katika Kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari katika Mlima Kilimanjaro, ilihitaji vifaa na umeme hukohuko mlimani. Vivyo hivyo, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota vibaya nchini Tanzania na kwa majirani zake, hata kama programu zilikuwa nzima. Kilichotengana ni kazi na sanduku lake maalumu. Mnara, waya, seva na umeme vingali vinahitajika.

3.0 Maana ya pepe

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa kwa pepe ni virtual. Asili yake ni Kilatini, virtus, lenye maana ya nguvu au uwezo. Kitu huitwa hivyo kikiwa na uwezo na athari ya kitu fulani bila kuwa na umbo lake. Kwa hiyo, kiini cha dhana ni uwezo uliobaki baada ya umbo kuondoka.

Kiswahili kimelifasiri wazo hilo kwa njia ya wepesi na upepo. Katika barua pepe ufasiri huo hauna dosari kubwa, maana barua hiyo husafiri upesi kama kitu kinachopeperushwa. Lakini katika msamiati wa kilimo pepe lina maana ya zamani zaidi: ni punje tupu ya mpunga au ya nafaka nyingine, iliyo na ganda bila kiini. Mkulima hupepeta ili mapepe yapeperuke na punje zibaki katika ungo.

Tukiutazama mtandao wa simu kwa mfano huo, tunaona kwamba istilahi imegeuzwa juu chini. Sanduku la chuma ndilo ganda; kazi ya kuelekeza simu ndiyo punje. Kilichotokea ni sawa na kile kinachofanyika katika kiwanda cha kukoboa kahawa cha Moshi: ganda limeondolewa, buni imebaki. Tukiita kilichobaki pepe, tumeipa buni jina la kapi. Hili si kosa la ladha ya lugha tu, ni kosa la maana.

4.0 Ushahidi wa mpakani

Mawimbi ya redio hayatambui mpaka. Simu iliyoko Tarakea huweza kupokea mawimbi ya minara ya pande zote mbili, na mtandao wa nyumbani ukififia, simu huweza kuhamia kwa jirani. Hapo mtandao mwenyeji huiuliza rejista ya mtandao wa nyumbani mteja huyu ni nani na anaruhusiwa nini. Gharama hutegemea majibu hayo pamoja na mapatano ya makampuni. Celtel ilipoanzisha mwaka 2006 mpango wa kuziunganisha huduma zake za Kenya, Uganda na Tanzania, wateja wake waliondolewa tozo za ziada za kutumia laini zao nje ya nchi. Hakuna mnara uliosogezwa mpakani kwa ajili hiyo. Kilichobadilishwa kilikuwa kanuni za kazi ya kutoza.

Wazungumzaji wa kawaida wamelielewa jambo hili kabla ya wanaistilahi. Tarakea, kama mahali pengine Tanzania, husemwa kwamba mtandao umeshika, mtandao umekata, laini haisomi, simu imeingia Kenya. Kushika, kukata, kusoma na kuingia vyote ni vitenzi. Msemaji hataji mtambo asioujua, hutaja kazi inayofanyika au inayoshindwa kufanyika. Hii ni njia ya asili ya lugha yetu, na ndiyo njia ambayo istilahi ingepaswa kuifuata.

5.0 Umbo la istilahi

Kiswahili kina mbinu mbili za uundaji wa maneno zinazohusika hapa. Ya kwanza ni kiambishi ki- cha ala: kipaza sauti, kichujio, king'amuzi. Neno king'amuzi lilienea upesi wakati wa kuhamia matangazo ya televisheni ya dijitali, ambayo yalianza kuchukua nafasi ya analojia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, kwa kuwa lilitaja sanduku ambalo mtu alilinunua na kuliweka mezani. Mbinu ya pili ni nomino za vitendo zenye u- na -ji: uelekezaji, uchujaji, utozaji.

Wahandisi wenyewe wamefanya uhamisho unaolingana na huo. Katika viwango vya simu vya kizazi cha nne, sehemu inayofuatilia mahali alipo mteja iliitwa kwa neno lenye maana ya kitu kilichopo. Katika viwango vya kizazi cha tano, ambavyo toleo lake la kwanza lilikamilishwa mwaka 2018, sehemu inayoirithi shughuli hiyo inaitwa kazi. Kwa mintarafu hiyo, tunapendekeza kwamba mtambo wenye umbo lake uendelee kupewa ki-, na kazi iliyoandikwa kuwa programu ipewe u- na -ji. Kichujio ni kifaa. Uchujaji wa kiprogramu ni kazi. Mageuzi yote yaitwe utenganishaji wa kazi za mtandao na mitambo, na kazi zenyewe ziitwe kazi za mtandao za kiprogramu. Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini hazimdanganyi msomaji.

6.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza lina nguvu, nalo ni kwamba maneno huishi baada ya maana zake za asili kufa. Neno simu lilitokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na leo twaita simu kifaa kisicho na waya. Laini nayo ilitoka kwenye waya, ikawa kadi, na sasa hata kadi inaanza kutoweka. Kwa nini basi pepe lisiachwe lizoeleke? Jibu letu ni kwamba mzungumzaji wa leo hausikii waya ndani ya simu. Asili hiyo imekwisha kufifia. Lakini ndani ya pepe bado anasikia pepea, pepeta na upepo. Maana iliyo hai haiwezi kupuuzwa kama maana iliyokufa.

Pingamizi la pili ni kwamba wahandisi hutumia Kiingereza, hivyo istilahi hizi hazina mtumiaji. Hoja hii imepitwa na wakati. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Rejista ya wateja ikiwa programu inayoweza kuendeshwa katika seva popote, mkazi wa Tarakea akidai haki yake mahakamani, suala litakuwa: kazi hii inafanyika wapi, na nani anawajibika nayo? Swali hilo laweza kuulizwa juu ya kazi. Likiulizwa juu ya rejista pepe, wakili wa upande wa pili amekwisha pewa nusu ya utetezi wake, maana pepe ni kitu kitupu, na kitu kitupu hakina mahali wala mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Hatupendekezi kuifuta barua pepe. Imekwisha kubalika na haimdhuru mtu. Tunalopinga ni kuligeuza neno moja kuwa jibu la kila dhana ambayo umbo lake halionekani. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967 na lenye dhamana ya kusanifu istilahi, lilitazame suala hili mapema kabla istilahi haijagandishwa katika tafsiri za sheria. Wanafunzi wa uzamili nao wana kazi ya kufanya mpakani: wakusanye vitenzi ambavyo watu huvitumia juu ya mtandao, wavipange kwa maana, kisha waone ni vingapi vyaweza kuzaa istilahi.