Maneno ya Tunduma kuhusu Kansa ya Mlango wa Kizazi

Saluni na vijiwe vya Tunduma, hadi kwenye foleni ya malori ya kuvukia Nakonde, vimejaa maneno yanayowachelewesha dada zetu kupima. Nayajibu.

“Siumwi, nikapime nini?” Hili ndilo linaloua zaidi. Kirusi cha HPV, kinacholeta kansa hii, hukaa ndani ya seli za juu za mlango wa kizazi, hakiingii kwenye damu, hakileti maumivu, na kinga ya mwili huchelewa kukishtukia. Mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka kirusi hadi kansa. Damu ya baada ya tendo la ndoa mara nyingi huja uvimbe ukishajiotesha mishipa yake ya damu, mishipa dhaifu inayopasuka ukiigusa tu. Ukiisubiri damu hiyo, umeupa uvimbe muda wa kujijenga. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi anapaka asidi ya siki iliyozimuliwa, anasubiri dakika moja, anaangalia pamebadilika kuwa peupe wapi. Penye weupe wa awali huweza kutibiwa kwa joto au kwa kugandishwa siku hiyohiyo.

“Ukikatwa kinyama cha kupimwa, kansa inasambaa.” Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa London, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya matiti. Aliona haikuenea ovyo. Ilipendelea viungo fulani, kama mbegu inayoota penye udongo unaoifaa. Kwa hiyo seli kubanduka tu hakutoshi kueneza kansa. Wanaofariki baada ya kukatwa kinyama wengi walifika wakiwa wamechelewa, kisha lawama ikaangushiwa kifaa.

“Chanjo ya HPV inafunga uzazi.” Hapana. Ina ganda tupu la kirusi, haina vinasaba vyake. Rwanda ilianza 2011, na mabinti wale wa kwanza sasa wanazaa. Tanzania ilianza 2018, na tangu 2024 dozi ni moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

“Mwenye VVU ana shida kubwa kuliko hiyo.” Kwa mji wa mpakani kama wetu, hili linaniuma. Kinga inayokilinda kizazi ikipungua, ile miaka 15 hadi 20 hushuka hadi 5 au 10, na hatari ya kansa hii kwake ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU. Shirika la Afya Duniani linamtaka aanze kupima akiwa na miaka 25, asingoje 30, kisha arudie kila miaka 3 hadi 5. Dada, siku ya kuchukua dawa zako, ulizia na kipimo hiki.