Uamuzi wa ziwa ni mzuri, lakini wenye jembe hawakuulizwa



Mwezi uliopita, baraza la kijiji chetu, kijiji kidogo cha wakulima na wavuvi kando ya ziwa Tanganyika, katika teritware ya Fizi, lilikaa kwa shefu na kuamua mambo matatu. Kwanza: wakati ziwa limefungwa, hakuna mtumbwi kwenda kuvua, na kuvua kwa chandarua cha mbu ni marufuku siku zote. Pili: kuanzia maji mpaka hatua 30, hakuna kulima tena, tutapanda miti na kuacha matete yaote. Tatu: mwenye kuvunja anatoa amande, mbuzi mmoja ao bei yake.

Sisi wa komite ya koperative tunasema wazi: jambo la kwanza tunaliunga mkono. Nchi nne za ziwa letu, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipatana kufunga uvuvi miezi mitatu kusudi samaki wazae. Chandarua kinabeba hata ndagala wadogo ambao hawajazaa bado. Sisi wakulima tunaelewa hiyo vizuri: nani anakula mbegu yote ya maharagi, kisha anangojea mavuno?

Jambo la pili pia liko na sababu. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, nyumba na mashamba zikaingia majini kule Uvira, Kalemie na mahali pengine pengi. Ziwa liko na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, basi maji yakijaa hayaondoki haraka. Tukilima mpaka kwenye maji, mvua inashusha udongo ziwani, na pale pembeni ndipo watoto wa samaki wengi wanakomalia. Matete na mizizi ya miti inashika udongo.

Basi shida iko wapi? Shida iko kwa siku tulizopewa. Baraza limetoa mwezi mmoja tu wa kungoa kila kitu. Lakini pale pembeni nani analima? Wengi ni wamama wajane, na familia ambazo mashamba yao ya zamani yaliingia majini. Walipanda mihogo. Mihogo inataka mwaka mzima, na mara nyingi zaidi, kusudi mizizi ijae. Ukiingoa kwa mwezi wa saba unapata kamba, si unga. Kwa mama wa namna hiyo, ile mistari ya mihogo ndiyo bugali ya jioni, ndiyo makuta ya masomo ya watoto.

Na tuseme ukweli: kosa ni letu pia. Baraza lilituita. Ilikuwa siku ya soko, tukaenda kuuza. Hakuna mtu wa koperative alifika, hata mmoja. Wavuvi walikuja, wenye mashamba ya mlimani walikuja. Wenye mashamba ya pembeni hawakuwa pale. Leo tukilalamika njiani tu, tunajidanganya.

Kwa hiyo tunaomba baraza hivi:

– Mihogo iliyo ndani ya udongo iachwe ikomae, ivunwe. Lakini hakuna kupanda mipya. Mwenye kuvuna apande mti pale pale.

– Kila familia inayopoteza shamba ionyeshwe mahali pengine mbele ya mvua za mwezi wa tisa, na paandikwe kwa jina la mwenye kulima, hata kama ni mama.

– Kila amande iandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu kila mara baraza linakaa. Mbuzi akiingia kwa lupango la mtu na kutoka kama nyama, hakuna atakayeheshimu uamuzi tena.

Wengine wanasema: mkifungua mlango kidogo, kila mtu atadai mihogo yake haijakomaa. Ni kweli, inaweza kutokea. Ndiyo maana tunataka mashamba yahesabiwe sasa. Watu wa baraza na watu wa koperative wapite pamoja siku moja, waandike jina la kila mtu na mwezi aliopanda. Atakayepanda nyuma ya hapo, alipe amande kama wengine.

Ninyi wa koperative zingine za kando ya ziwa, msingoje mpaka uamuzi usomwe kanisani ndipo mshituke. Mkisikia baraza linakaa, tumeni watu. Uamuzi juu ya udongo unafaa kufanywa na wenye kuushika kwa mikono.

Baraza letu litakaa tena. Safari hii tumechagua wajumbe wawili, mama mmoja na baba mmoja, wote wanalima pale pembeni. Na hata ikiwa siku ya soko, wao hawataenda kuuza.