Kabla Hujanunua Kabureta, Chungulia Rodi za Mafuta

Wiki hii ni zamu ya wenzangu ambao bado mmefunga ndoa na magari ya zamani. Wewe mwenye gari la kisasa, ambalo pedeli yake ya mafuta inapeleka tu taarifa kwenye kompyuta, soma hivyo hivyo. Hujui lini babu atakuachia urithi!

Nazungumzia Land Rover Series III, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985. Fungua boneti la lile la petroli, injini ya cc 2286. Hukuti waya wa mafuta kama kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe. Unakuta rodi. Mguu unasukuma pedeli, pedeli inazungusha chuma kilicholala kwenye ukuta wa mbele, chuma kinasukuma rodi, rodi inazungusha mkono mwingine kwenye injini, mkono unasukuma rodi nyingine, ndipo kabureta inapata habari. Ni kama barua inayopitia kwa mjumbe, kwa mtendaji, kwa diwani. Kila ofisi inachelewesha kidogo.

Ofisi zenyewe ni vile vifundo vyenye kichwa cha duara. Kifundo kimoja kikilika milimita moja, huwezi kukijua. Vikilika vinne, mguu wako unatembea bure kabla injini haijasikia lolote. Ndiyo maana unakanyaga, gari linanyamaza, halafu linaruka kama mbuzi aliyeona fisi. Mlimani linakosa nguvu. Ukiachia mafuta, injini inaendelea kulia. Hapo fundi wa haraka haraka anakwambia, "Mzee, kabureta imekufa." Tayari, mfuko umetoboka!

Kuna mzee jirani yangu, Land Rover lake ndilo linaloleta ndizi sokoni, na usiku mama akishikwa uchungu mtaani ndilo linalogongewa mlango. Gereji moja ilimwambia anunue kabureta. Nikamkuta anatafuta mteja wa mbuzi wake wawili.

"Shikamoo mzee. Kabla hujauza, tufungue boneti kwanza."

"Marahaba mwanangu. Fungua, ila usiniongezee ugonjwa."

Tukachomoa rodi ya mwisho inayoingia kwenye kabureta. Nikaushika mkono wa kabureta kwa vidole, ukafungua na kufunga laini kabisa. Basi, mgonjwa hakuwa yeye. Tukarudi nyuma kifundo kwa kifundo. Viwili vilikuwa vinacheza kama jino bovu, na pale palipotakiwa springi ya kurudishia, palikuwa pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu. Mpira, msomaji wangu, juu ya injini ya moto! Joto na oili vinaulegeza, na siku ukikatika hakuna cha kuirudisha pedeli. Mzee akakiri kwamba mara mbili gari lilikataa kupunguza mwendo kwenye mteremko wa sokoni, pale penye watu. Akanunua springi na vifundo viwili. Mbuzi wake wanakula majani mpaka leo.

Sasa na wewe fanya hivi, injini ikiwa imezimwa. Chomoa rodi ya kabureta, ujaribu mkono wake kama tulivyofanya. Ukikwaruza au ukiyumba, hapo kweli kabureta ina neno. Ukiwa laini, kagua rodi. Kifundo kinachocheza kibadilishe, usikigonge kwa nyundo ili kibane. Mahali chuma kinapozunguka kwenye vishikio vyake, safisha kwa mafuta ya taa, kausha, weka tone la oili. Usipake grisi nene nje, maana vumbi likinasa humo linakuwa msasa.

Chungulia pia mipira inayobeba injini. Ikichanika, injini inatikisika na kuvuta rodi zenyewe, gari linakwenda kwa kwikwi hata kama mguu wako umetulia. Wengi wamelaumu petroli chafu, kumbe ni mipira ile!

Baada ya hapo ndiyo unakuja kurekebisha, na utaratibu ni huu. Rodi ikiwa bado imechomolewa, washa injini ipate moto, choki irudi ndani kabisa, kisha weka mzunguko wa taratibu kwa skrubu ya kabureta. Zima. Sasa refusha au fupisha rodi mpaka ikae kwenye kifundo chake yenyewe, bila kuuvuta mkono wa kabureta. Ukilazimisha, umeshaharibu mzunguko uliouweka.

Kisha mwite mtoto akanyage pedeli mpaka mwisho, wewe ukitazama kabureta. Mkono ufike kikomo chake pale pale pedeli inapofika chini. Pedeli ikiwahi, nguvu nyingine unaiacha kwenye kabureta. Mkono ukiwahi, mguu wako utapinda rodi. Mwambie aachie, pedeli irudi yenyewe kwa haraka. Kaza nati za kufungia, na hakikisha zulia halishiki pedeli. Ukikaza bila kujaribu mara ya pili, shauri yako.

Na mafuta yakinasa ukiwa barabarani? Kanyaga klachi. Injini itapiga kelele, iache ipige. Kanyaga breki kwa nguvu moja bila kupampu, sogea pembeni, zima. Lakini ufunguo usiuchomoe gari likiwa linatembea, usukani unaweza kujifunga.

Springi ile haina sura ya kujivunia, na hakuna atakayekusifia kwa kuinunua. Lakini ndiyo inayoliambia gari "basi" pale mguu wako unaposema basi. Ukiona mahali pake pamefungwa mpira, usisubiri mwisho wa mwezi.

Haya, kafungue boneti. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia breki zinazovuta upande mmoja. Kwa leo, endesha polepole!