Ua la Jora na Macho ya Forodha

Mwenye duka wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, huliita jora kwa ua lake, na ua zuri ni nusu ya biashara. Forodha hawana habari na ua. Wao hupima: pamba ya asilimia 85 au zaidi, ikizidi gramu 200 kwa mita ya mraba, ni kifungu 5209, isipozidi, 5208. Kisha huutazama mfumo. Nyuzi za leso hupishana mojamoja. Za kaki zaenda mshazari, na kaki nzito ya nyuzi tatu au nne ikichapwa maua huwa 5209.52. Basi twawaomba wenye kuagiza: ankara itaje uzito na mfumo. Ikiandikwa “kitambaa cha pamba” tu, robota litafunguliwa bandarini, na siku za kungoja hulipiwa na mwenye mali.