Adui Aliye Mtungini

Mwenye nyumba katika mji mdogo halali usiku bila ya kuujaribu mlango wake mara mbili. Hutia komeo, hutia kufuli, na akiwa na uwezo hupanda vipande vya chupa juu ya ukuta wa ua. Hayo yote huyafanya kwa ajili ya mwizi, ambaye pengine hatakuja mwaka huu wala mwaka ujao. Kunapopambazuka huchota kikombe cha maji katika mtungi usio na kifuniko, akampa mwanawe anywe kabla ya kwenda shule. Maji hayo yametoka kisima gani, yamechotwa na mkono gani, yamelala katika chombo gani, hajiulizi. Mwizi wa mali amezuiwa mlangoni. Mwizi wa uhai amekaribishwa kwa kikombe.

Msomaji, neno langu ni moja. Nyumba ambayo maji yake ya kunywa si salama, si nyumba salama, hata kuta zake zikiwa za mawe na mlango wake wa chuma. Na wale wanaotufundisha kuridhika na maji yoyote wanatufundisha kuridhika na mazishi ya watoto. Hoja zao ni nne. Nitazileta mbele yako moja baada ya moja, nawe uzipime mwenyewe.

Hoja ya kwanza ni ya macho. Watu husema, "Maji haya ni maangavu kama kioo, na ladha yake ni tamu, yana ubaya gani?" Jicho ni hakimu mwema wa rangi, lakini si hakimu wa afya. Viini vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu ni vidogo mno. Huweza kujaa katika kikombe kizima visiyatie maji rangi wala harufu. Tope laonekana, kwa hiyo watu hulikimbia. Kiini hakionekani, kwa hiyo watu hukinywa.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1854 katika jiji la London. Jiji lilikuwa kubwa, lakini mtaa wa Broad Street uliishi kama miji yetu midogo mingi iishivyo leo: majirani walichota maji katika kisima kimoja chenye bomba la mkono, na uchafu wao ulikaa katika mashimo ya nyumba zao. Maji ya kisima kile yalisifiwa kwa uangavu na ladha. Kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa mwezi wa Agosti, watu zaidi ya 600 walikufa katika majuma machache. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikunywa maji ya wapi, na majibu yakamrudisha kisimani. Alipata habari za mjane mmoja aliyekaa Hampstead, mbali na mtaa ule, mahali ambapo kipindupindu hakikuwapo. Bibi huyu aliipenda ladha ya maji ya Broad Street, akawa analetewa chupa yake kwa gari. Alikunywa, akafa. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba uliondolewa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani, lililomwagiwa maji yaliyofulia nguo za mtoto mchanga mgonjwa, lilikuwa likivuja, na baina yake na kisima hapakuwa na hata mita moja ya ardhi. Ladha tamu ilimwita mjane yule, na kaburi likampokea.

Sasa tazama katika mji wako. Kiwanja kimegawanywa mara tatu, vyumba vya kupangisha vimejengwa bega kwa bega, kisima kiko pembeni, na choo cha shimo kiko nyuma yake. Wataalamu hushauri umbali usiopungua mita 30 baina ya choo na kisima, na zaidi ya hapo pale ardhi ilipo ya mawe yenye nyufa, maana humo uchafu husafiri upesi. Mwenye nyumba wa namna hii hujua kuhesabu kodi ya kila chumba mpaka senti ya mwisho. Hatua za kutoka chooni mpaka kisimani hazihesabu kamwe. Mtu akiuza sumu dukani hushitakiwa. Huyu huiuza ndani ya kodi ya nyumba, na wapangaji humwamkia kwa heshima.

Hoja ya pili ni ya mababu. "Wazee wetu walikunywa maji haya haya wakaishi miaka mingi." Hoja hii huwataja walioishi na kuwasahau waliokufa. Aliyezikwa akiwa na umri wa miaka miwili hakupata kuwa mzee wa mtu yeyote, wala hawezi kuja barazani kutoa ushahidi. Tena hoja hii huwasingizia wazee uzembe ambao hawakuwa nao. Chukua mfano wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika nyumba zake za kale za mawe mlijengwa birika za kuwekea maji ya kuogea, na wenyewe waliweka samaki wadogo ndani yake wapate kula viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba maji yaliyotuama nyumbani yahitaji mlinzi.

Maji yasiyo na mlinzi hufanya nini? Mji huo huo ulijibu mwaka 2004. Mvua zilikosekana, ukame ukaingia, na maji yakawekwa majumbani siku nyingi bila ya kubadilishwa. Mbu wa aina ya Aedes, mwenye madoa meupe na aumaye mchana, huzaliana katika maji ya namna hiyo. Ukazuka ugonjwa wa chikungunya, ambao jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde na lamaanisha kile kikunjacho mwili, kwa kuwa maumivu ya viungo humpinda mgonjwa asiweze kusimama wima. Damu za wakazi zilipopimwa mwezi wa Oktoba mwaka ule, ilionekana kwamba watu kama 75 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Adui hakuvunja mlango wala dirisha. Alilelewa ndani ya pipa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hoja ya tatu husema, "Maji ni kazi ya Serikali, mimi raia nifanye nini?" Nusu ya hoja hii ni kweli, na nusu hiyo ni kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Katiba hiyo hiyo yaziwekea serikali za kaunti wajibu wa huduma za maji. Basi haki hii si sadaka ya kushukuriwa kwa vigelegele. Kaunti inayochimba kisima, ikakifungua kwa hotuba na picha, kisha isiyapime maji yake tena, imefungua kitu gani? Pengine imefungua kaburi lililopambwa. Swali la raia kwa kiongozi wake lisiwe tu, "Umetuletea maji?" bali pia, "Maji haya yalipimwa lini, na majibu yako wapi?" Kiongozi asiyeweza kujibu swali hilo hajamaliza kazi yake.

Lakini nusu ya pili ya hoja hii ni uvivu uliovaa vazi la siasa. Maji yaweza kutoka bombani yakiwa safi, yakaharibika kabla ya kufika kinywani. Huharibiwa na mtungi uliokuwa na dawa ya kuulia wadudu shambani. Huharibiwa na mkono uliotoka chooni bila ya kunawa, na kikombe kilichozamishwa pipani pamoja na vidole. Hakuna waziri anayeweza kusimama jikoni mwako kuifunika mitungi yako. Serikali ina wajibu mpaka bombani. Kutoka bombani mpaka kinywani wajibu ni wa mwenye nyumba. Kila mmoja akimngojea mwenzake, kipindupindu hakimngojei yeyote.

Hoja ya nne ni ya umaskini, na hii yastahili kujibiwa kwa upole, kwa sababu wanaoisema hawadanganyi. Makaa ni ghali, kuni ni haba. Walakini kifuniko hakihitaji makaa, kunawa mikono hakuhitaji kuni, na kata yenye mpini mrefu haigharimu sawa na siku moja ya kulazwa hospitali. Dawa ya klorini, ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake, huua viini vingi. Hata jua, ambalo hatulilipii kodi, hufanya kazi hiyo: maji yasiyo na tope, yakitiwa katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na kulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 mawingu yakiwa mengi, hupungukiwa na viini kwa kiasi kikubwa. Mwenye kuni naye ayachemshe maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, na dakika tatu kwa wakaao nyanda za juu sana.

Hapa sharti tuangalie tusikimbie moto tukaingia majini. Anayechemsha maji kwa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha huilinda familia na viini, akaiua kwa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeweka mafuta ya taa katika chupa ya soda karibu na mtungi amemwekea mtoto mwenye kiu mtego. Na pipa lililo wazi uani laweza kumzamisha mtoto aliyeanza kutembea. Usalama wa nyumba haugawanyiki vipande, ukachagua kimoja na kukiacha kingine.

Wala asidhani mtu kwamba moto hutibu kila maji. Katika miji ya Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, baadhi ya visima vina madini ya floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 katika kila lita, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka. Floridi hiyo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi sana kwa miaka mingi, huidhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floridi hubaki ikazidi ukali. Ndiyo sababu nasema kupima maji si anasa ya wasomi. Asiyejua adui wake ni nani hawezi kujua silaha ya kushika.

Kijana msomaji, pengine wewe ndiwe wa kwanza nyumbani kwenu kufundishwa kiini ni kitu gani. Elimu hiyo haikukusudiwa kukaa katika daftari mpaka siku ya mtihani. Leo jioni uliza nyumbani, kwa adabu impasayo mtoto mbele ya wakubwa, maswali matatu: Maji yetu yanatoka wapi? Choo kilicho karibu nayo kiko hatua ngapi? Yakifika hapa, yanakaa katika nini? Pengine utaambiwa kwamba mtoto hawafundishi wazee. Pokea neno hilo bila ya ukaidi, kisha nawa mikono, ukafunike mtungi. Kitendo kizuri hakina utovu wa adabu, na mzee mwenye busara ataona. Lakini usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Kicheko cha barazani hudumu kitambo kidogo, na kilio cha mama aliyefiwa na mtoto kwa kikombe cha maji hudumu maisha yake yote.